Ufunguo Ulikuwa Kwenye Kopo la Vifungo

Furaha, mwanangu,

Salamu nitakupa kesho asubuhi kwa mdomo, basi likiwa linapakia mizigo, kwa hiyo humu sitaziweka. Wala sitaandika habari za blanketi, chakula cha njiani na kumpigia shangazi yako simu ukifika Durban. Hayo mama yako anakuambia sasa hivi huku akikusuka, na namjua, ameshayarudia mara tatu. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka mitatu.

Ni saa tisa mchana. Nimefunga mlango wa duka nusu ili watu wa Jules Street wadhani nimekwenda kula. Naandika kwenye daftari la vipimo, ndiyo maana nyuma ya kurasa hizi utakuta viuno na mabega ya watu usiowajua. Nimeshika sindano miaka ishirini na mitano, lakini kalamu ni kitu kingine. Ukiona herufi zimepinda, ujue ni woga.

Naandika Kiswahili kwa makusudi. Najua unakisoma polepole na kwamba Kiingereza kingekuwa rahisi zaidi kwako. Lakini neno baya nililosema juu yako nililisema kwa Kiswahili, na nataka kulitengua kwa lugha ileile. Soma kwa sauti kama ulivyokuwa ukinisomea Biblia ulipokuwa mdogo, ila usubiri ufike, abiria wenzako hayawahusu.

Nianze na bastola yenyewe. Unajua nilivyoipata, lakini hujui kwa nini niliipenda. Miaka kumi na mmoja nilitembea katika mji huu na karatasi ya muda, karatasi inayokatika kwenye mikunjo, na kila niliyemwonyesha aliitazama kana kwamba ananiuliza nitaondoka lini. Kisha nikapata ukaazi wa kudumu. Mwaka uliofuata wakavunja maduka ya wageni mtaani kwetu, wakabeba cherehani zangu tatu wakiwa wanacheka, na mmoja wao nilikuwa nimemshonea suruali ya harusi. Ndipo nikasikia kwamba mtu mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kuomba leseni ya silaha. Nikaenda mafunzo, nikafanya mtihani wa sheria, nikapiga shabaha. Nikasubiri miezi mingi. Siku kadi ya leseni ilipotoka na picha yangu juu yake, niliipenda kuliko bastola. Ilikuwa karatasi ya kwanza ya serikali iliyosema kwamba huyu mtu anaaminika. Nilikuwa naitoa mfukoni nikiwa peke yangu dukani na kuitazama. Mtu mzima mzima, nacheka na kadi.

Kabla ya kadi, afisa alikuja nyumbani kukagua sefu ya kufungia silaha. Unamkumbuka, alikuwa na viatu vikubwa na mama yako alimpa chai. Alivuta sefu kuona kama bolti zimeshika ukutani. Akauliza nani ana ufunguo. Nikasema mimi peke yangu. Siku hiyo ilikuwa kweli, na iliendelea kuwa kweli kama wiki mbili hivi.

Kisha bomba la wale wa ghorofa ya juu likapasuka, na maji yakaingia kwenye droo ya makaratasi. Kibali cha mama yako kikawa uji. Cheti cha kuzaliwa cha mdogo wako Espoir kikageuka rangi ya bluu. Utakumbuka mama yako alivyoshinda kwenye foleni za uhamiaji, anatoka hapa alfajiri na kurudi jioni bila kitu, na saluni imefungwa. Alipovipata tena vyote, alisimama mbele ya ile sefu na kuniambia, "Baba Furaha, hii sanduku ya chuma njo kavu kupita zote. Weka makaratasi mule."

Nikayaweka. Mtu mwingine angecheka, lakini mtu aliyekimbia kwao ukimuuliza ana mali gani nyumbani, atakuambia makaratasi. Kwa akili yetu ile, bastola ndiyo iliyokuwa imepewa hifadhi ndani ya sanduku la vibali.

Sasa makaratasi hayakai. Leo shule inataka cheti, kesho kliniki inataka kibali, keshokutwa polisi wamemsimamisha mama yako njiani na anapiga simu analia aletewe karatasi yake haraka. Mimi niko dukani. Ufunguo ukinifuata shingoni, nyumba nzima inakwama. Kwa hiyo nikauweka kwenye kopo la vifungo juu ya kabati. Nikakuita wewe. Ulikuwa na miaka kumi na tatu, na wewe ndiye uliyejua kusoma karatasi ipi ni ipi. Nilipanda kiti, nikashusha kopo, nikatia vidole kati ya vifungo na kukuonyesha. Nikakufundisha kufungua. Makaratasi rafu ya juu, na chini kulikuwa na kitu kimefungwa kitambaa cha njano. Nikasema, hicho usikiguse na usikiulize.

Usikiulize. Hapo napo pana kosa, na nataka ujue lilikotoka. Nilipokuwa na miaka tisa, kule kwetu Uvira, walikuja watu wenye bunduki nyumbani kwetu wakataka kula. Mmoja aliegemeza yake ukutani, karibu na mlango, karibu kabisa na nilipokuwa nimekaa. Baba yangu alitukazia macho sisi watoto na kusema kwa sauti ndogo, msiangalie. Tulikula tukiangalia sahani mpaka walipoondoka. Ilituokoa, na mimi nikabaki na hiyo sheria moyoni, kwamba silaha haiangaliwi wala haisemwi. Nikaja nayo mpaka Johannesburg. Nikakulea nayo katika nyumba ambamo silaha ilikuwa yangu mwenyewe.

Kwa hiyo sikukuambia jambo ambalo mwalimu wa shabaha alituambia siku ya kwanza. Ukiichomoa magazini, ile sehemu ya risasi inayoingia kwenye mpini, bastola bado inaweza kuwa na risasi moja iliyokwisha kuingia tayari ndani. Alitukataza kuiacha humo. Alirudia mpaka tukachoka. Na mimi niliiacha humo kila siku, kwa sababu nilikuwa naogopa kwamba wakija sitapata nafasi ya kuvuta. Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama yako. Wewe, siku ulipoichukua, ulitoa magazini ukaiacha nyumbani, chini ya mto wako. Waliikuta pale. Polisi walidhani ulisahau. Mimi nilipoiona pale chini ya mto nilielewa palepale kwamba uliitoa ili asiumie mtu, na sikusema.

Na ulikuwa umeniambia kuhusu wale vijana. Hili linaniamsha kuliko mengine yote. Nilikuwa nashona kola, hukunikuta nimelala wala nimelewa, nilikuwa na masikio yangu mawili. Ukasema, "Papa, bale ba-boys ba pale ku roboti, ku mataa ya barabara, balinifuata tena. Leo mmoja alinishika mkono." Nikakuuliza unavaa nini. Nisamehe kwa hilo. Kisha nikasema, "Pita ku njia ingine." Ukasema, "Njia ingine iko mbali, Papa, na kule pia beko." Nikasema basi utembee na wenzako, nikaendelea na kola.

Fikiri nilichokifanya. Kwa ajili ya cherehani nilisoma sheria, nilifanya mtihani, nilisubiri miezi, nilitoboa ukuta. Kwa ajili yako nilisema upite njia nyingine. Hukuwa mjinga. Ulikuwa umeona nyumbani kwetu mtu akiogopa anafanya nini, ukafanya hivyohivyo.

Siku yenyewe sitaisimulia, unaijua kuliko mimi. Najua tu kwamba ulipita pale kwenye roboti na mkoba kifuani na hawakuwepo. Najua kwamba rafiki yako Nomsa aliuliza mbona mkoba umeushikilia hivyo, na kwamba mlikuwa chooni pale shuleni, wasichana wawili, na ulimwambia bastola haina kitu. Risasi ilipita kwenye shavu la mguu wake. Ingepita kidogo juu, sijui leo ningekuwa naandika nini na kwa nani. Hapa napita.

Tufike kituo cha polisi, maana barua hii yote ilikuwa inatembea kwenda pale.

Ulikuwa umekaa kwenye benchi bila viatu, sijui viatu vilienda wapi. Afisa alikuwa mtu mpole, lazima niseme hivyo. Alisema mkalimani wa Kiswahili anaweza kupatikana kesho yake, tusubiri, au binti anisaidie? Ningesubiri. Ningekaa kwenye benchi lile na wewe mpaka kesho yake. Lakini nilikuwa nimezoea kukutumia. Tangu una miaka saba ulikuwa mdomo wangu, uhamiaji, kliniki, kwa mwenye nyumba, hata kwenye mikutano ya wazazi ambako mwalimu alikusema vibaya nawe ukanitafsiria yote bila kupunguza. Kiingereza changu ni cha zipu na upindo, na siku ile hata hicho kilinikimbia. Nikasema wewe utanisaidia.

Akauliza, nawe ukaniuliza, "Papa, anauliza ufunguo inakalaka wapi."

Nilikuwa najua sheria, Furaha. Niliifanyia mtihani. Nilijua kwamba mwenye silaha asipoifungia vizuri, kosa ni lake. Na unakumbuka mwenyewe, mwezi mmoja kabla, redio ilisema habari ya mtoto mmoja aliyepata bastola ya nyumbani akampiga mwenzake, na mimi nikasema kwa sauti, wateja wamejaa dukani na wewe unashika tepu, kwamba wazazi wake wafungwe. Nilisema mzazi gani hajui mtoto wake anashika nini. Sasa zamu ilikuwa yangu. Niliona mlango wa jela. Niliona ukaazi wangu unafutwa, na mama yako na Espoir ambao vibali vyao vimeshikana na changu wanarudishwa Uvira na begi moja. Niliona yote hayo kwa muda wa kumeza mate. Nikasema, "Mwambie ufunguo navaaka mu shingo. Mwambie uliiba wakati nilikuwa naoga."

Uliniangalia. Nimejaribu miaka mitatu kusahau namna ulivyoniangalia. Hukukasirika. Uliniangalia kama mtu anayehakikisha kwamba amesikia vizuri, kama ulivyokuwa ukifanya uhamiaji neno likiwa gumu. Kisha ukamgeukia afisa ukamjibu kwa Kizulu. Najua Kizulu cha kutosha kusikia ulichosema. Hukusema baba yangu anasema niliiba. Ulisema niliiba.

Akaandika. Nikatia sahihi. Na mwendesha mashtaka aliposoma karatasi ile akaona baba aliyefuata sheria na mtoto mwizi. Mimi sikushtakiwa. Wewe, kwa kuwa ulikuwa mtoto, hukupelekwa jela, ulipelekwa kwenye yale mafunzo ya kila Jumamosi, ukaomba msamaha mbele ya wazazi wa Nomsa, ukahamishiwa shule ya mbali ambako hukuwa na rafiki. Watu waliniambia nimshukuru Mungu mambo yamekwisha vizuri. Nikamshukuru, kwa mdomo.

Hayakuwa yamekwisha. Mchungaji alikuita mbele kanisani akemee roho ya wizi. Alinitaka mimi baba nishike kichwa chako wakati anaomba, na nilikishika. Kilikuwa cha moto na kilikuwa kimetulia kabisa chini ya mkono wangu. Espoir, mtoto mdogo asiyejua kitu, akaanza kukuficha biskuti zake. Nilimwona akizificha nyuma ya televisheni na sikumwambia kitu, kwa sababu kumwambia lolote kungekuwa mwanzo wa kumwambia yote.

Mama yake Nomsa alikuja dukani. Hukujua hilo. Alileta kitambaa cha kijivu, akasema mtoto hataki tena kuvaa sketi ya shule kwa sababu ya kovu, nimshonee suruali ndefu. Kati ya mafundi wote wa mtaa huu akaja kwangu. Nilipokuwa naandika vipimo akaniuliza kwa Kiingereza cha polepole ili nielewe, "Baba, ile siku, ufunguo ulikuwa wapi kweli?" Aliuliza kama mzazi anayemuuliza mzazi mwenzake. Nikagusa shingo yangu. Akatikisa kichwa, akasema, "Eish, hawa watoto." Nilimshonea suruali mbili na nikashindwa kumwangalia usoni alipozichukua.

Na mama yako alijua. Ufunguo alikuwa akiutumia kama wewe. Aliniuliza mara moja tu, siku ya tatu, akiwa amenipa mgongo anaosha vyombo. "Ile kopo ya vifungo iko wapi?" Nilikuwa nimelitupa, mbali, kwenye pipa la upande wa pili wa reli. Nikasema sijui. Hakuuliza tena, maana naye anaogopa, na woga wake ameupata kwangu. Usimchukie kwa kunyamaza. Umewahi kuuliza kwa nini siku hizi vifungo vyangu viko kwenye mifuko ya plastiki, vinapotea kila mahali. Ni hivyo tu.

Ningeweza kufa na jambo hili. Nakuambia ukweli, nilikuwa nimeshazoea. Kisha mwezi uliopita ukaja na ile fomu ya chuo cha uuguzi, ukakaa hapa kwenye kiti cha wateja. Ukafika kwenye swali linalouliza kama umewahi kuhusika na kosa la silaha au la wizi. Ukainua uso, ukaniuliza bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza saa, "Papa, hapa niandike nini? Niliiba?"

Nikasema andika unavyojua. Ukainamisha kichwa ukaandika, na mpaka leo sijui uliandika nini. Najua tu kwamba chuo kimekupokea na kusema kitahakikisha majibu, na kwamba karatasi watakayoikuta wakiitafuta ni ile yenye sahihi yangu. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba uongo wangu haukubaki kwenye kituo kile. Umepakia mizigo na wewe. Unakwenda nao Durban, na siku utakapokuwa muuguzi na dawa zikapungua kabatini, utakuwa wa kwanza kutazamwa.

Nilikwenda Doornfontein, kwa mwanasheria kijana anayesaidia watu bure. Nilimwambia nakwenda kwa niaba ya rafiki. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Huyo rafiki ana binti wa miaka mingapi sasa?" nikaona ameshanijua. Nikamuuliza lile nililokuwa naliogopa, je, sheria inamfunga mzazi kwa kosa la mtoto? Akasema hapana. Sheria haikushtaki kwa sababu wewe ni baba yake, inakushtaki kwa sababu wewe ndiye mwenye ufunguo. Kosa la mtoto ni la mtoto, akasema, na lako ni lako, na hapa naona mtoto amebeba yote mawili.

Nilimuuliza nikisema ukweli itakuwaje. Akasema kosa la sefu ni moja, kosa la kusema uongo kwenye kiapo ni la pili. Huenda faini, huenda kifungo kinachoahirishwa, huenda kifungo kabisa. Kuhusu ukaazi nilimuuliza mara mbili. Mara zote mbili alisema, "Baba, siwezi kukuahidi." Nilipotoka pale nilikosea njia, mimi ninayeujua mji huu kama mfuko wangu, nikajikuta nimesimama mbele ya karakana ya viti nikisoma kibao kilekile mara kumi.

Leo asubuhi nilipowaambia nakwenda kununua uzi, sikwenda kununua uzi.

Nilikwenda kituoni. Nimejifunza sentensi moja kwa Kiingereza kwa muda wa wiki mbili, naisema huku cherehani inalia ili majirani wasisikie. Foleni ilikuwa fupi na niliomba iwe ndefu. Nikatoka mara moja mpaka nje ya lango, nikarudi. Kaunta ilikuwa ileile. Aliyekuwepo ni mwanamke, hakunijua, akanisalimu, "Sharp, baba, nikusaidie nini?" Nilishika kaunta kwa mikono miwili. Nikasema. Ufunguo ulikuwa kwenye kopo la vifungo. Mimi ndiye niliyemwonyesha binti yangu. Karatasi niliyotia sahihi ni ya uongo.

Aliniomba nirudie, nikarudia. Akamwita mkubwa wake, nikasema mara ya tatu, na mara ya tatu ndiyo ilitoka vizuri. Wakaanza kuniuliza mengine, haraka haraka, na Kiingereza kikaniishia pale. Yule mwanamke akanihurumia. Akauliza, nyumbani hakuna mtu anayeweza kuja kukutafsiria? Nikasema yupo. Nikasema, lakini kwa hili, hapana.

Hawakunifunga. Wameniambia nirudi Jumatatu saa nne na mwanasheria wangu, na kwamba safari hii mkalimani watamtafuta wao. Nilichosema wamekiandika kwenye karatasi na kunipa, iko hapa chini ya mkasi. Bastola walishaichukua siku ileile, na leseni nimewapa leo mwenyewe. Nilipoiweka kwenye kaunta ile picha yangu ilikuwa inatabasamu. Sikuitamani.

Ningependa kukuambia kwamba baada ya kusema nilijisikia mwepesi. Watu husema hivyo makanisani. Mimi sikujisikia hivyo. Naogopa Jumatatu. Naogopa selo, naogopa watu watakaokuwa ndani yake, naogopa Espoir akiuliza niko wapi. Mama yako sijamwambia, nitamwambia kesho basi likishaondoka, na yeye namwogopa kuliko hakimu. Na nakuogopa wewe, usome haya halafu unione nilivyo. Lakini ulishaniona, siku ile kwenye benchi, kwa hiyo sina cha kukuficha zaidi.

Siombi unisamehe, maana nikiomba utafanya haraka kunisamehe, nakujua, utanionea huruma na kuubeba tena. Nikikuachia neno lolote la safari ni hili. Mkubwa yeyote akikutazama kwa macho yale ya kuomba umwokoe, awe daktari, awe mchungaji, awe mume, kumbuka kwamba ana mdomo wake. Na kuna jambo la pili, ukiwa na watoto na wakakuambia kuna mtu anawafuata njiani, simamisha cherehani.

Nakala ya karatasi ya leo imo ndani ya bahasha. Mwanasheria nimempigia simu, amesema ukae nayo, na chuo kikiuliza, wape. Namba yake iko nyuma.

Jumatatu asubuhi simu yangu itakuwa imezimwa. Mama yako atakupigia, atakuwa analia, atasema panda basi urudi, Papa yako yuko peke yake kule ndani na haelewi wanachomuuliza. Huenda itakuwa kweli. Huenda mkalimani atachelewa, huenda nitakaa pale kwenye benchi kutwa nzima nikitazama midomo ya watu. Acha nikae. Soma masomo yako, ule vizuri, umpigie Espoir.

Usirudi kunitafsiria.

Papa yako